“Si Silaha Hasa”: Kuhusu Bastola za Kaliba ya .22

Wiki mbili zilizopita nilipata ujumbe kutoka kwa kijana niliyemfundisha miaka ya nyuma, ambaye sasa anaishi Ohio, Marekani, pamoja na familia yake. “Shikamoo Dokta,” aliandika. “Nataka kununua bastola ndogo ya .22, ya kupigia makopo siku za Jumamosi na wenzangu wa kazini. Nimechuja nimebakiwa na nne: Ruger Mark IV, Browning Buck Mark, Smith & Wesson Victory na Walther P22. Najua ulizijaribu ulipokuwa huku. Ipi inafaa?” Kisha, kana kwamba amekwisha kuuona uso wangu, akaongeza: “Ni ya mchezo tu. .22 si silaha hasa.”

Swali lake nimelijibu, na jibu hilo nitalieleza hapa kwa ukamilifu, maana ni swali halali na majibu yake yapo. Lakini sentensi ile ya mwisho imenikaa rohoni. Nimeisoma mara kadhaa, nikatambua kwamba si ya kijana wangu peke yake. Wabunge wa Uingereza waliijadili karibu mwaka mzima. Serikali ya Marekani imeiandika, kwa namna yake, katika fomu yenye alama za kujumlisha. Na mimi mwenyewe niliwahi kuiamini, nikiwa nimesimama katika shamba la watu na makopo sita matupu yamepangwa juu ya gogo mbele yangu.

Nianze na shamba hilo. Nilipokuwa nikisomea uzamivu Ohio, jirani yangu alikuwa mzee mmoja, fundi mitambo mstaafu, ambaye aliona ni aibu kwangu kuishi nchini mwao miaka yote ile bila kulenga shabaha hata mara moja. Kulikuwa na kikwazo cha kisheria. Sheria ya shirikisho humkataza mgeni mwenye viza ya muda kumiliki au kushika silaha, isipokuwa, pamoja na sababu nyingine chache, awe na leseni halali ya kuwinda. Basi nikahudhuria kozi fupi, nikalipia leseni, nikawa mwindaji kwa mujibu wa nyaraka za jimbo, mimi ambaye sijawahi kumfukuza hata sungura. Ninaposikia wenzetu wakisema kwamba sheria za Marekani kuhusu silaha ni rahisi, huikumbuka leseni ile. Si rahisi hata kidogo. Ni nyingi, na mara nyingi zinapima kitu kingine.

Mzee alikuwa na masharti yake kabla ya lolote. Kila bastola ina risasi hata kama umeitoa mwenyewe sasa hivi. Mdomo wake usielekee usichotaka kukiharibu. Kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka macho yawe juu ya shabaha. Miwani na vizuia masikio ni lazima. Baada ya hapo akanipa bastola ya .22, kwa kuwa, alisema, hakuna anayejifunza kuendesha kwa kuanzia na lori.

Inafaa msomaji ajue risasi hii ni kitu gani. Risasi ya .22 Long Rifle ilianza kutengenezwa Marekani mwaka 1887, na haijabadilika sana tangu hapo. Katika risasi nyingi za bastola, kiwashio hukaa kama kifungo katikati ya kitako cha ganda. Katika hii, kemikali ya kiwashio husambazwa ndani ya ukingo wa ganda lenyewe, na pini ya bastola huubamiza ukingo huo ili kuwasha baruti. Muundo huu ni rahisi kutengeneza, ndiyo maana risasi yake ni nafuu. Lakini ganda likishatumika huwa limekwisha, halijazwi tena. Isitoshe, kemikali isiposambaa sawasawa, risasi hukataa kulipuka. Ikikataa, mzee alinifundisha, unatulia ukiwa bado umeelekeza mdomo kwenye shabaha, unahesabu hadi 30, ndipo unafungua. Kipande cha risi kinachoruka huwa na uzito wa gramu 2.6 hivi, wakati kile cha milimita 9 hukaribia gramu 8. Teke lake mkononi ni dogo mno. Mlio wake ni kama wa ubao uliopigwa ubao mwingine. Mtu anaweza kupiga risasi 200 kwa mchana mmoja, mkono usimuume na mfuko usimlie.

Sasa zile nne. Zote hubeba risasi kumi katika magazini. Kwa hilo hazitofautiani.

Ruger ndiyo yenye ukoo mrefu. Kampuni yenyewe ilianza na bastola ya namna hii mwaka 1949, ikiuzwa kwa dola 37.50, na umbo lake la mshazari limebaki hadi leo. Mtutu wake haujongei; kinachokwenda mbele na nyuma ni chuma cha ndani peke yake, kwa hiyo vielekezo vya kulengea havitikisiki, na bastola hupiga pale pale siku zote. Kwa miongo mingi ilikuwa na kasoro moja mashuhuri: kuifungua kwa ajili ya usafi kulikuwa fumbo, na kuirudisha kulikuwa fumbo kubwa zaidi. Mark IV ya mwaka 2016 ilimaliza tatizo hilo kwa kitufe kimoja nyuma. Ukikibonyeza, sehemu ya juu inainuka kama kifuniko. Mwaka uliofuata kampuni ilizirudisha kiwandani zile zilizotengenezwa kabla ya Juni 2017, kwa kuwa swichi ya usalama ikiachwa katikati, si huku wala kule, iliwezekana bastola ikafyatuka bila kukusudiwa. Anayenunua iliyotumika aulize tarehe.

Buck Mark, iliyoanza kuuzwa mwaka 1985, ndiyo niliyoipenda. Kifyatulio chake kinaachia kwa wepesi na kwa ukali, kama unavyovunja kijiti kikavu, wala hakina uvivu wa kuvutwa vutwa. Mpini unakaa vizuri hata katika mkono mdogo. Ubaya wake ni wakati wa kusafisha: unahitaji ufunguo wa pembe sita na subira, na skrubu zake hupenda kujificha nyasini. Victory ya Smith & Wesson, ambayo nayo ni ya mwaka 2016, inafunguka kwa skrubu moja, na mtutu wake unaweza kubadilishwa nyumbani bila fundi. Ni nzito, inafikia kilo moja, na uzito katika kulenga shabaha ni rafiki. Tofauti ya usahihi kati ya hizi tatu ni ndogo kuliko tofauti iliyopo kati ya mkono wangu wa asubuhi na mkono wangu wa jioni.

Walther P22 ni mnyama mwingine. Ina uzito wa nusu kilo hivi, mwili wake kwa sehemu kubwa ni plastiki ngumu, na mtutu wa ile fupi hauzidi sentimita 9. Imefanana na bastola za polisi, na hiyo ndiyo sababu mojawapo ya vijana kuipenda. Bastola nyepesi za namna hii hutaka risasi zenye nguvu kidogo. Ukizipa zile dhaifu za bei ya chini, huwa na tabia ya kukwama. Kwa makopo ya mita 10 inatosha. Kwa shabaha ya karatasi ya mita 25, zile tatu zinaiacha mbali. Nilimwandikia kijana: kama ni mchezo, chukua Buck Mark ikiwa hupendi kufungua vitu, Mark IV ikiwa unapenda usafi, Victory ikiwa wewe ni mtu wa kubadili vipuri. P22 iache.

Hapo ningeweza kuishia. Lakini tazama, ndugu msomaji, ni sifa zipi nimezitaja kuisifu kaliba hii: haina teke, mlio wake ni mdogo, risasi zake ni nafuu, hupatikana katika umbo jepesi, na anayeanza huimudu siku ya kwanza. Hakuna hata sifa moja kati ya hizo inayojua tofauti ya kopo na mtu.

Tarehe 5 Juni 1968, Seneta Robert Kennedy alipigwa risasi katika jiko la hoteli ya Ambassador, Los Angeles, na akafa siku iliyofuata. Silaha ilikuwa bastola ya silinda ya .22, ya kampuni ya Iver Johnson. Tarehe 30 Machi 1981, Rais Ronald Reagan alipigwa nje ya hoteli mjini Washington. Risasi sita zilifyatuliwa kwa muda usiozidi sekunde mbili au tatu, nazo zikajeruhi watu wanne. Ile iliyompata Rais iligonga gari kwanza, ikamwingia chini ya kwapa na kukwama katika pafu. Msemaji wake, James Brady, alipigwa kichwani, akaishi na ulemavu hadi mwaka 2014, na alipofariki wachunguzi waliandika kwamba kifo chake kilitokana na jeraha lile la miaka 33 nyuma. Bastola hiyo nayo ilikuwa ya .22, ndogo, ya bei ya chini kabisa. Na tarehe 16 Aprili 2007, katika chuo kikuu cha Virginia Tech, mwanafunzi mmoja aliua watu 32, wanafunzi 27 na walimu watano, akiwa na bastola mbili. Moja ilikuwa Glock ya milimita 9. Ya pili ilikuwa Walther P22.

Mimi ni mwalimu. Nikiingia darasani hufunga mlango kwa sababu ya kelele za ukumbini. Mmoja wa walimu wale watano, Profesa Liviu Librescu, aliyenusurika maangamizi ya Wayahudi akiwa mtoto, aliufunga mlango wa darasa lake kwa mwili wake ili wanafunzi watoke kwa madirishani. Sisemi hili ili kumtisha kijana wangu. Yeye si muuaji, wala bastola haimgeuzi mtu. Nasema ili neno “hasa” katika ile “si silaha hasa” liondoke.

Neno hilo ni zaidi ya kosa la lugha, kwani limeingia katika sheria. Baada ya kifo cha Kennedy, Bunge la Marekani lilipitisha Sheria ya Udhibiti wa Silaha ya mwaka 1968, na mojawapo ya vifungu vyake ni kwamba silaha inayoingizwa kutoka nje sharti iwe inafaa kwa michezo. Swali likawa: nani ataamua kwamba bastola hii ni ya mchezo na ile si ya mchezo? Maofisa wakatengeneza fomu. Bastola hupewa alama kwa urefu, kwa uzito, kwa vifaa vya usalama, kwa vielekezo vinavyorekebishika, kwa mpini wa kulengea shabaha. Isiyo ya silinda ikifikisha 75, inapita. Na kaliba? .22 Long Rifle hupata alama tatu. Milimita 9 hupata kumi. Yaani risasi kubwa zaidi huisogeza bastola karibu zaidi na uwanja wa michezo! Mantiki yake inaeleweka ukitulia: fomu ilikuwa ikiziwinda bastola ndogo za bei ya chini zinazofichika mfukoni. Lakini iliziwinda mpakani tu. Bastola iliyompiga Reagan miaka 13 baadaye ilikuwa ya jina la Kijerumani na vipuri vilivyotoka nje, ikaunganishiwa Miami, ndani ya nchi, mahali ambapo fomu haikufika. Watumishi wa umma wanaosoma hapa wanaujua ugonjwa huu: kinachopimika kirahisi hukalia kiti cha kile kilichotakiwa kupimwa.

Uingereza ilikwenda njia nyingine, na hadithi yake ndiyo inayonifaa zaidi, kwa sababu huko mjadala ulikuwa juu ya .22 yenyewe. Tarehe 13 Machi 1996, katika mji mdogo wa Dunblane, Uskoti, mtu mmoja aliingia katika ukumbi wa mazoezi wa shule ya msingi akaua watoto 16 na mwalimu wao. Alikuwa na bastola nne, mbili za milimita 9 na mbili za silinda za kaliba ya .357, zote akizimiliki kihalali kama mlenga shabaha. Hakuna iliyokuwa .22. Jaji Cullen aliyeongoza uchunguzi hakupendekeza moja kwa moja kupiga marufuku. Alipenda zaidi bastola zilemazwe kwa kutolewa sehemu muhimu wakati hazitumiki, na kama hilo halitekelezeki, ndipo watu binafsi wazuiwe kuzimiliki. Wazazi na majirani walikwisha kukusanya saini zaidi ya 700,000 wakitaka zaidi ya hapo.

Serikali ya John Major ikachagua katikati. Sheria ya mapema mwaka 1997 ilipiga marufuku bastola zote zinazozidi .22, lakini .22 ikaruhusiwa kwa sharti kwamba ihifadhiwe katika klabu yenye ulinzi, si nyumbani. Miezi michache baadaye Tony Blair akashinda uchaguzi, na kabla mwaka haujaisha sheria ya pili ikaifuta na hiyo .22. Walengaji walilalamika kwa uchungu, na malalamiko yao hayakuwa ya kipuuzi. Mchezo wa bastola wa mita 25 katika Olimpiki hutumia .22, wachezaji wa nchi hiyo walilazimika kwenda kufanya mazoezi nje, na Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Manchester ya mwaka 2002 ilihitaji ruhusa maalumu ili mashindano ya bastola yafanyike. Walisema: mmetuadhibu kwa silaha ambayo haikutumika.

Nimelifundisha suala hili katika somo la sera za umma kwa miaka kadhaa, na kila mwaka darasa langu hugawanyika. Wapo wanaosema sheria ya pili ilikuwa ya hisia. Wapo wanaosema ya kwanza ilikuwa ya woga. Na daima yupo mmoja wa nyuma anayesema haya ni mambo ya Wazungu, kwetu bastola ya kupigia makopo haipo. Huwa namwambia kwamba leo tunajadili kipimo, na vipimo tunavyo.

Msimamo wangu ni huu. Sheria ya Major ilikuwa na wazo jema na kipimo kibaya ndani ya ibara zile zile. Wazo jema ni klabu: bastola ya mchezo ikae mchezoni. Kipimo kibaya ni kaliba. Kama kinachotulinda ni kufuli ya klabu, basi kufuli hiyo ingeweza kulinda hata milimita 9. Na kama kinachotulinda ni udogo wa risasi, basi kufuli ilikuwa ya nini? Kwa kuvichanganya viwili hivyo, serikali ilikiri bila kusema kwamba haikuuamini udogo huo. Blair alipoifuta .22 hakuwa akibadili mantiki; alikuwa akiifuata hadi mwisho wake. Na sheria hiyo mpya, ukiisoma vizuri, haipimi kaliba hata kidogo. Inapima urefu: silaha yenye mtutu usiopungua sentimita 30 na urefu wa jumla usiopungua 60 imo nje ya katazo. Bunduki ndefu ya .22 bado inamilikiwa Uingereza kwa cheti cha polisi. Kilichokatazwa ni kile kinachoingia chini ya koti. Hapo, kwa maoni yangu, waligusa jambo lenyewe, ingawa kwa gharama ya watu waliokuwa wakilenga karatasi tu.

Ningelikuwa mimi wa kuamua, ningelirudi kwa Cullen. Mchezo una thamani. Sitajifanya kwamba sikufurahia siku zile shambani, na utulivu unaokuja mtu anapojifunza kuzuia pumzi na kuvuta kifyatulio taratibu ni utulivu wa kweli. Lakini mchezo huo hauhitaji bastola ilale nyumbani. Mpira wa goti la uwanjani haulali chini ya mto wa mchezaji. Bastola, iwe ya .22 au ya .45, ikae klabu, ama ikitoka iache sehemu yake moja muhimu huko.

Nchini anakoishi kijana wangu hakuna sheria ya kumlazimisha hivyo. Ana kadi ya ukazi wa kudumu, atajaza fomu, atakaguliwa kwa simu au kompyuta, na huenda akaondoka nayo mchana huo huo. Kwa hiyo lililo la sheria kwingine, kwake limebaki la hiari. Nilimwandikia hayo baada ya ule ushauri wa Buck Mark: kwamba klabu nyingi hukodisha bastola kwa saa, na kwamba akinunua, aulize kama wana makabati ya kuhifadhia ya wanachama.

Alijibu jioni yake. “Asante sana Dokta, Buck Mark basi. Klabu iko mbali, dakika 40 kwa gari. Hapa nyuma ya nyumba pana nafasi ya kutosha.”

Nikamwuliza mwanawe sasa ana umri gani. Akaandika: “Kafikisha mitano mwezi uliopita. Mtundu huyo!”